Mke Wangu Amekabidhiwa Maji ya Kijiji

Ccollpapampa, 14 Juni

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima, na kwamba ofisini kwenu wanaume bado wanasikilizwa. Mimi ni Saturnino Ccoyllo, mkulima wa mahindi, mwenye ng'ombe wawili na mke mmoja. Huyo mke ndiye sababu ya barua hii.

Tangu enzi za babu wa babu yangu, hakimu wa maji kijijini kwetu, yaani yule anayeamua shamba gani lifunguliwe mfereji na siku gani, alikuwa mwanamume. Baba yangu alikuwa. Nami nilijiandaa, hata kofia ya uhakimu nilishanunua. Agosti mwaka jana mkutano wa kijiji ukamchagua mke wangu, Herminia.

Kwa heshima zote, nayapanga malalamiko yangu:

1. Nalalamika kwamba mama yangu mzazi alimpigia kura Herminia kwa kunyoosha mikono yote miwili. Nilipomuuliza, "Mama, kwani mimi si mwanao?" akajibu, "Ndiyo maana nakujua."

2. Nalalamika kwamba Herminia amevuruga zamu. Zamani mashamba ya juu, likiwemo langu, yalikunywa kwanza, na wajane wa bondeni wakapata matope yaliyobaki. Sasa kila mtu huchomoa kijiti cha kura kujua zamu yake. Mjane Teodosia alichomoa cha kwanza, akalia mbele za watu. Mwanamume utazame wapi, mjane akilia kwa sababu ya maji?

3. Oktoba, jua kali, mahindi yangu yakijikunja, nilifungua lango la maji siku isiyo yangu. Kidogo tu. Herminia akanikuta na koleo mkononi.

"Leo siku ya nani?"

"Herminia, mimi ni mumeo!"

"Mfereji hauna mume, Saturnino. Leo siku ya nani?"

"Ya Teodosia."

Nikahukumiwa siku tatu za kuzoa matope mfereji mzima, watu wakipita na kunisalimu kwa adabu ya kuudhi. Nikirudi nyumbani, mwanamke yuleyule ananikanda mgongo kwa mafuta ya moto, ananipa supu ya viazi na kuuliza, "Jamani, nani kakutesa hivi, mume wangu?" Nalalamika kwamba sijui nimchukie yupi.

4. Nilikwenda kwa Mwalimu Nélida, mtunza daftari la zamani la kijiji, anitafutie ushahidi kwamba karne zote wanawake walikaa jikoni. Akasoma kwa sauti: mwaka wa vita, wanaume wakiwa wamejificha milimani, mfereji huu ulichimbwa na wanawake thelathini na mmoja, watoto mgongoni. Mwanamume alikuwa mmoja, babu wa babu yangu, na mbele ya jina lake pameandikwa: "Alikuja kula." Nikamwomba Mwalimu afunue ukurasa mwingine. Huko alikuwa amekuja tena. Vita vilipokwisha, wanaume walishuka, wakawashukuru wanawake, wakachagua hakimu mwanamume. Nalalamika kwamba historia yetu imetunzwa vizuri mno.

5. Baya zaidi ni mavuno. Mwezi uliopita hata Teodosia alijaza ghala, na mimi, niliyenyweshewa shamba mara chache kuliko baba, nilivuna sawa na alivyokuwa akivuna baba. Jambo hili linatudhalilisha. Naomba gazeti lako liishauri serikali itangaze kuwa mavuno haya yalikuwa ajali, uhakimu urudishwe kwa wanaume tuliouzoea, na wanawake warudi walikokuwa karne zilizopita, isipokuwa ule mwaka wa kwenye daftari.

Nisalimie wapiga chapa, wauza magazeti, na mkeo, kama anaruhusu.

Ni mimi, niliyedhulumiwa,
Saturnino Ccoyllo

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, wamefika wanaume sita wa mashamba ya juu na karatasi ya kumwondoa Herminia. Walitaka sahihi yangu iwe ya kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mume. Nikaisoma. Wameandika kwamba mwanamke hawezi kugawa maji. Mhariri, sijui nilipatwa na nini. Nimeichana, nikawafukuza kwa koleo hadi barabarani huku nikipiga kelele, "Nendeni mkangoje zamu yenu!" Kwa hiyo barua ichapishe tu, ila kila nilipoandika "nalalamika", weka "najivunia". Mengine yaache yalivyo.