Bastola ya Bwana Mkubwa na Samli ya Zaina

Ndugu zangu wa Kolo, leo nimeaibika, tena mbele ya boma zima. Nawaandikia mapema kabla wapagazi hawajawafikishia habari hii, maana wao wataitia chumvi, na kwa kweli haihitaji.

Mnajua kwamba hapa Dodoma nilikuwa kwenye majaribio tu ya ufundi wa bunduki. Juzi Bwana Mkubwa, yule Mjerumani mkuu wa boma, akaletewa kutoka Ulaya bastola mpya, ile aina inayojipakia risasi yenyewe na kutema maganda pembeni. Inang'aa kama pete. Ila haipigi inapolengwa. Akasema: nikiiponya, nabaki fundi wa boma, nikishindwa, narudi kubeba mizigo njia ya Iringa. Na Zaina, mke wangu, yuko karibu kujifungua. Usingizi ulinipaa.

Jana Shaushi Mabruki, mzee wa Pangani anayesimamia silaha zetu, akaijaribu uwanjani, kisha akaniletea.

"Shikamoo, Shaushi. Ina ugonjwa gani?"

"Marahaba, mwanangu. Yapiga kuume mno. Irejeze kike kidogo."

"Nimeelewa," nikasema. (Sikuelewa kitu.)

Nikakaa nikafikiri. Inapiga kiume mno. Ni kweli, nimesikia inaruka mkononi kama beberu. Sasa niifanye ya kike kidogo, iwe laini, iwe na adabu. Nikaifungua. Nikaitoa kamani, ule waya wa chuma uliojiviringa ndani unaoirudisha bastola kila inapofunguka, nikaupasha moto juu ya makaa mpaka ukalegea. Halafu mafuta. Mafuta ya mashine niliyaona makali mno kwa shughuli ya namna hii. Nikaenda nyumbani nikachota samli ambayo Zaina ameiweka kwa ajili ya uji wake wa uzazi. Nikaipaka bastola ndani na nje. Niliipaka kwa mapenzi, siwafichi.

Leo asubuhi baridi ilikuwa kali, na samli ikaganda humo ndani bila mimi kujua.

Askari wamepangwa mstari. Bwana Mkubwa kavaa koti jeupe. Akaulenga ubao, akapiga. Risasi ikachimba udongo kando ya ubao, na bastola ikabaki imeachama. Akaisukuma kwa kiganja ikajifunga, akapiga tena. Udongo ule ule. Nikajifariji kwamba walau hairuki sana. (Ilikuwa inaruka vilevile.) Alivyozidi kupiga, chuma kikapata moto na samli ikayeyuka. Ikamtiririka mkononi, ikaingia kwenye mkono wa koti. Moshi ukatoka, uwanja mzima ukanukia jikoni siku ya sikukuu. Mbwa wake akainuka alipolala, akaanza kumramba vidole.

"Hii nini?" Bwana Mkubwa akaniuliza.

"Samli, Bwana Mkubwa."

"Kwa nini samli?"

"Ili iwe ya kike, Bwana Mkubwa."

Askari wote wakatazama mawinguni. Hakukuwa na wingu hata moja.

Shaushi akanisogelea. "Mwanangu, nilikwambia nini jana?"

"Uliniambia inapiga kiume, niirejeze kike."

Mzee akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakawa yanamtetemeka. Kumbe kwao Pangani kuume ni kulia, na kike ni kushoto! Bastola ilikuwa inapeleka risasi kulia, basi, na dawa yake ilikuwa kukigonga kidogo kile kichuma cha kulengea kilicho mbele ya mtutu. Tukaifuta samli, tukatia kamani ya akiba iliyokuja na bastola, Shaushi akaomba nyundo, akagonga. Bwana Mkubwa akapiga. Risasi ikaingia katikati ya ubao.

Wengine walifurahi. Mimi nilikuwa naiona njia ya Iringa, na Zaina akijifungua nikiwa sipo. Machozi yalikuwa karibu.

"Mtu huyu mjinga?" Bwana Mkubwa akamuuliza Shaushi.

"Hapana, Bwana Mkubwa. Mikono yake mizuri. Kosa ni langu, nilisema naye Kiswahili cha kwetu." Nampenda mzee yule, Mungu amweke.

Bwana Mkubwa akanitazama huku mbwa akiendelea na kazi yake. "Wewe baki hapa. Lakini jifunza Kiswahili."

Mjerumani ndiye kaniambia hivyo. (Na alikosea, ilikuwa aseme "jifunze". Lakini leo mimi wa kumsahihisha nani?)

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imeshatangulia. Nilimkuta Zaina amekaa chini, kalishika tumbo kwa mikono miwili, anacheka hata hawezi kuitikia salamu. Nikamwambia tunabaki. Akacheka huku analia, nami nikakaa karibu naye nikimsihi apunguze, asije akajifungua hapo hapo. Kwa hiyo ninyi nawaomba msicheke. Sehemu yenu yeye ameshaimaliza.