Ombi la Kufuta "Sori" Nyumbani Kwetu

Kwa Mjomba, Mwenyekiti wa Vikao vya Familia,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa.

Mjomba, wewe ndiye uliyetunga sheria kwamba mkosaji akishasema "sori", aliyekosewa ajibu "haina neno" na kesi ife hapo hapo. Naomba kwa heshima uifute. Jumatatu dada alichana kamusi yangu ya zawadi, kuanzia herufi S hadi mwisho, akazifanya kurasa zake karatasi za kuchorea kola za mashati. Alisema sori huku ana pini mdomoni. Nimegoma kujibu. Tunalala chumba kimoja na tunazungumza kwa swichi ya taa tu, na Jumamosi anahamia chumba cha nyuma ya duka lake la ushonaji.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Asili. Ilibidi niende maktaba ya shule, maana ukurasa wenyewe sasa ni kola. Zamani, kwa Waingereza, neno hili lilimhusu mtu mwenye maumivu. Mwenye maumivu ni mimi. Kwa hiyo dada amechukua kurasa zangu na neno langu pia.

2. Matumizi. Baba humkanyaga paka, husema sori, kisha humkanyaga tena akirudi. Kaka hulisema kwanza, halafu ndiyo anachukua nyama yangu. Huo si msamaha, ni honi.

3. Athari. Tukiendelea hivi, mwizi atabeba friji, na akifika getini atasema sori. Nasi, kwa sheria yako, tutamjibu haina neno, na pengine tumshikie upande mmoja.

Napendekeza sori iruhusiwe kwa makosa yasiyozidi kijiko kudondoka. Yanayozidi hapo, mtu amtazame mwenzake usoni aseme "nisamehe", tena mdomo ukiwa mtupu.

Wasalimie mkaza mjomba, watoto wote, na yule jirani yako mwenye redio.

Mpwa wako mtiifu, mwenye kamusi inayoishia R.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha dada ameingia, ameketi kitandani kwangu, akanitazama usoni na kuniomba nimsamehe. Kumbe alidhani kamusi ikishasomwa imemaliza kazi. Machozi yalimlengalenga. Nilikuwa nimeandaa jibu la aya tatu; haikutoka hata moja. Nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikasema sori. Akajibu haina neno, tukacheka mpaka baba akagonga ukuta. Mjomba, tafadhali sheria ibaki ilivyo. Sisi wenye haya tungepitia wapi?