Bwana Rufaa Apita Mlango wa Mbele

Bwana Rufaa hakuwa daktari, na tumtendee haki: hakuwahi kusema kwamba ni daktari. Alivaa tu koti jeupe, akaning'iniza shingoni kipimo cha kusikilizia moyo kilichokatika mrija, akasimama getini kwa hospitali kuu kila asubuhi na uso wa mtu aliyekosa usingizi kwa ajili ya wenzake. Yaliyobaki watu walijidanganya wenyewe.

"Mshauri wa afya ya familia," ndivyo alivyojitambulisha. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu daktari anayewafaa. Alikuja mwenye tumbo, alikuja mwenye goti, alikuja mama na mtoto wa kikohozi, na wote walikuwa na ugonjwa mmoja uliomlisha Bwana Rufaa, yaani kuchukia foleni. Alipokea ahsante yake mkononi, akamwinamia mteja sikioni.

"Usipite mbele. Mbele wanapita wasio na mtu."

Kisha alimzungusha nyuma ya jiko, akamkatisha katikati ya mashuka yaliyoanikwa, akampandisha ngazi za stoo na kumteremsha ngazi nyingine, mpaka mteja akatokea, jasho linamtoka, kwenye benchi lile lile ambalo angelifikia kwa kuingia mlango wa mbele na kupinda kushoto. "Keti hapa, utaitwa," alimwambia. Na kweli aliitwa, maana pale kila mtu huitwa. Wateja walirudi nyumbani wakimsifu, na wengine walimletea mashemeji.

Asubuhi moja teksi ilisimama getini, na macho ya Bwana Rufaa yakaenda yanakokwenda siku zote, kwenye mkoba. Ulikuwa mkoba wa ngozi, umevimba, umekumbatiwa na bibi mmoja mwenye bangili za dhahabu. Uso wa bibi hakuutazama sana. Hakuwa na desturi ya kutazama nyuso. Kwenye kiti cha nyuma alilala mzee, mumewe, amefumba macho na kuuma meno.

"Shikamoo mama. Mzee amepatwa na nini?"

"Marahaba mwanangu. Jana aliteleza bafuni. Mguu hauinuki, na nyonga ukiigusa anapiga kelele mpaka majirani wanakuja. Wewe ni daktari?"

"Mshauri wa afya ya familia. Una bahati umekutana nami, mama. Ukiingia hivi hivi na mgonjwa wa namna hii, jua litazama mko benchini. Ila kwa kitu kidogo cha kufungulia milango..."

"Kitu kipo, tena si kidogo," bibi alisema. "Lakini hakiko kwangu." Akashusha sauti. "Baba yenu huyu ana kasha lake. Alikolificha anakujua peke yake, hata mimi mkewe hajanionyesha. Watoto wako mbali, kupiga simu kwao ni kazi. Jana alinishika mkono akasema, atakayenirudisha kwenye miguu yangu, huyo ndiye mwanangu, na kasha ni lake."

"Kasha," mzee alinong'ona kutoka kiti cha nyuma.

Bwana Rufaa alipiga hesabu zake palepale. Mzee akifa, kasha limekwenda naye. Mzee akibaki kitandani, kasha halitoki. Kwa mara ya kwanza tangu aanze ushauri, alihitaji mgonjwa apone, apone kweli, na mapema.

Na hapo ndipo ilipoonekana kwamba mtu huyu hakuwa mjinga wa kazi yake. Kwa jinsi alivyowazungusha watu, alikuwa ameijua hospitali ile kama mfuko wa suruali yake. Alijua wahudumu wanaficha wapi kile kiti ambacho magurudumu yake yote yanazunguka. Alijua kwamba daktari mwenye kibao kikubwa mlangoni hupenda zaidi mikutano, na kwamba mfupa wa mtu unayempenda ukivunjika, unamtafuta yule daktari wa kike, mfupi, katika chumba kisicho na kibao jirani na choo. Alikichukua kiti, akampakia mzee taratibu, akasukuma moja kwa moja mpaka mlango wa mbele, akaingia, akapinda kushoto.

Benchini walikuwepo wateja wake wa asubuhi ile. Mama wa mtoto wa kikohozi alimtazama Bwana Rufaa, akautazama mlango, halafu akatazama viatu vyake mwenyewe vilivyojaa majivu ya jikoni. Bwana mnene aliyekuwa karibu naye alisema polepole, "Kumbe ni hapo tu?" Bwana Rufaa hakusikia. Alikuwa anawaza kasha.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?" muuguzi aliuliza.

"Mwanawe," alijibu, na wala hakumeza mate.

Daktari mfupi aliangalia picha ya mfupa kwenye mwanga wa dirisha. Nyonga imevunjika, alisema, na lazima iwekwe chuma. Bahati ilikuwepo: mgonjwa aliyepangwa kupasuliwa mchana alikatazwa kula, naye akanywa chai na mkate, nafasi yake ikabaki wazi.

"Wenu amekula?"

"Hajatia kitu kinywani tangu jana," bibi alisema. "Nilijua mtauliza."

"Vizuri. Kuna jambo moja. Mzee wa umri huu simpasui bila damu pembeni, na benki ya damu haitoi mpaka ndugu arudishe. Mkikosa damu leo, ni wiki ijayo. Na siwafichi, mzee akilala wiki nzima hivi, kifua kitaharibika na tunaweza kumpoteza."

Bibi alikaa chini. Mkono wake ulitafuta mkono wa mumewe, ukaung'ang'ania. Katika yote aliyoyafanya asubuhi ile, huo haukuwa mchezo.

Daktari alimgeukia Bwana Rufaa, akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Si mwanawe huyu hapa? Tena ana afya."

Bwana Rufaa alikuwa amewaambia watu wengi, kwa sauti nzuri ya kubembeleza, kwamba sindano haiumi. Siku ile alipata kujua. Walimlaza, wakampima, wakamtoa damu, wakampa soda na biskuti. Alipoinuka dunia inayumba, bibi alimtuma kufuata dawa, na alipozileta akamtuma kuwahi majibu ya maabara. Alikimbia huku na huku, akijifariji kwamba hakuna mtoto halali aliyepata urithi wake kwa kukaa.

Jioni mzee alitolewa chumba cha upasuaji, akapelekwa wodi ya ghorofani, anapumua vizuri, na daktari akasema kazi imekwenda salama. Bibi alilia kidogo, akajifuta kwa upande wa mtandio. Bwana Rufaa alingoja amalize, maana naye ana adabu zake.

"Sasa mama, lile kasha."

Bibi alimtazama. "Hunikumbuki, sio? Wiki iliyopita nilikuja na dada yangu, mgonjwa wa macho. Ukatupitisha jikoni, ukatupitisha kwenye mashuka, ngazi juu, ngazi chini, mtu haoni. Tulipofika benchini nikauona mlango wa mbele ule pale. Nilikulaani, mwanangu, sikufichi. Halafu jana huyu akaanguka. Nikajiuliza, nani anaijua hospitali ile ndani nje? Nikasema, kijana yule nikimpata upande wangu, mume wangu atapona."

"Na kasha?"

"Mume wangu, tuna kasha?"

Mzee alifungua jicho moja, dawa bado zinamlevya. "La viatu," alisema.

Bwana Rufaa alijikusanya, akashuka kwa hasira. Hakufika mbali. Getini walisimama yule bwana mnene, mama wa kikohozi, na wengine aliowatambua kwa mikoba yao, wanamuuliza mlinzi yule mshauri wa koti jeupe hutoka saa ngapi. Hospitali ile ilikuwa na ngazi nyingi na geti moja tu, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Alirudi wodini bila koti.

Kengele ya kuwatoa wageni ililia. Muuguzi alisema mzee asije akaukunja mguu wala kuuvusha juu ya mwenzake, hivyo abaki ndugu mmoja mwenye nguvu wa kuulinda.

"Mwanawe atabaki," bibi alisema.

Bwana Rufaa alikaa. Aliuegemeza mguu wa mzee kwenye mto, akaushika kwa mikono miwili, na baada ya muda akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, hebu nichungulilie dirishani. Wamekwenda?"

Bibi alifunua pazia. Chini getini hapakuwa na mtu isipokuwa mlinzi, anajimiminia chai.

"Bado, mwanangu," alisema, akalirudisha pazia vizuri. "Naona wameongezeka. Mshike mzee mguu."