Ebbe na Ndege wa Utosi wa Dhahabu

Jumatatu, 3 Machi
Picha aliyoipiga Gunvor imetundikwa tena kwenye ukuta wa chama chetu cha wapenda ndege. Yangu imerudishwa. Katibu kaniambia kwa upole kwamba tawi limetoka vizuri sana. Ndege alikuwa ameshaondoka. Nimechoka kurudishiwa picha. Safari hii namtaka yule mdogo kabisa wa kwenye misonobari, mwenye mstari wa dhahabu utosini. Chamani hakuna aliyewahi kumpiga picha kwa karibu. Gunvor naye anamtafuta. Huyu mama aling'oa meno ya nusu ya mji wetu wa Göteborg kabla ya kustaafu. Ana subira ya kutisha.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu. Nimejificha kichakani katika bustani ya Slottsskogen, simu ikitoa sauti ya ndege huyo. Baridi. Magoti yanalalamika. Ndege hakuja. Amekuja Gunvor, akasimama mbele ya kichaka, kamera usoni. Mwishowe akasema, "Ebbe, hebu toka humo. Ndege gani anakohoa hivyo?" Nikamwambia nimeangusha funguo. Akainama kunisaidia. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Tumetafuta mpaka mvua ikatufukuza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepaka shina la msonobari mafuta ya nguruwe, nikabandika mbegu za alizeti. Nikasubiri. Akaja mbwa. Akalamba shina zima, kisha akatapika juu ya begi langu la kamera. Mwenye mbwa akataka kujua nimemlisha nini mwanawe. Mlinzi wa bustani naye akasogea. Nikasema sijui lolote. Mikono yangu iling'aa kwa mafuta mpaka kwenye viwiko.

Jumamosi, 8 Machi
Sina mbinu. Hata kamera sikuitoa. Nimekaa tu kwenye benchi, usingizi ukanichukua. Nikaamshwa na mnong'ono wa Gunvor: "Usitikisike, bwana wee. Yuko kwenye kofia yako." Nikasikia vijiguu vikitembea juu ya sufu, vyepesi mno. Kwa muda nilisahau hata uchovu. Kisha nikapeleka mkono polepole kwenye begi. Akaruka. Gunvor alikuwa ameshapiga picha.

Jumapili, 9 Machi
Gunvor kaja nyumbani na picha, pamoja na mikate ya mdalasini. Jicho la ndege linang'aa, utosi unawaka. Chini yake niko mimi, mdomo wazi. Anataka itundikwe kwa majina yetu wote wawili. Kasema tangu mumewe afariki hajawahi kucheka hivyo. Kaomba kesho tukae pamoja benchini, bila hila yoyote. "Umeona mwenyewe, Ebbe. Ukitulia, wanakuja."
Nikamwambia kweli kabisa. Nikammiminia kahawa nyingine. Tukapanga saa.
Alipoondoka tu, nikaenda kununua hema lenye rangi ya gome la mti. La mtu mmoja. Kesho nitakuwa nimeshajifungia ndani kabla hajafika bustanini.