Jenereta Inayoharibu Gauni la Binti Yangu

Kwa Bwana Meneja wa Jengo,

Salamu kutoka huku chini. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi chini ya feni yako ambayo siku hizi inazunguka kwa kujishauri. Mimi ni fundi cherehani wa chumba cha mwisho, yule mnayeniita Mama Sindano. Jumamosi namwoza binti yangu, na gauni lake nalishona mwenyewe kwa cherehani ya umeme. Niliwaahidi wakwe kwamba hawataona gauni la dukani, na wakwe hao, kama ujuavyo, macho hayana pazia. Tangu umeme wa kawaida ukatike tunaitegemea jenereta yako tu. Ndiyo maana nakuandikia kwa adabu zote, ingawa meno nimeyauma.

1. Jenereta inapanda na kushuka. Ikipanda, cherehani inakimbia kama imeona nyoka, ikishuka, inatambaa. Mkono wa kulia wa gauni una mshono wa kubanana, wa kushoto una hatua za twiga. Jirani yangu kinyozi alimwachia mteja nusu ya kichwa, na mteja mwenyewe ni mwalimu. Sasa anafundisha na kofia.

2. Fundi wako wa mitambo, ambaye tunamwita Daktari kwa sababu wagonjwa wake wote wamelazwa, amebadilisha chujio la dizeli, amemwaga oili, amekaza skrubu ya mwendo, kisha akailegeza. Kila akikaza, mashine inanguruma, inatoa moshi mweusi, halafu inazidiwa. Mwisho akatangaza kwamba mzigo ni mkubwa, tuupunguze. Kinyozi akazima mashine yake, muuza soda akazima friji, mimi nikazima pasi. Ikabaki cherehani yangu moja na feni yako, na bado jenereta inahema! Hongera sana, Bwana Meneja. Umetununulia mtambo wa kulisha jengo zima, na sindano imeushinda.

3. Kinachoniuma zaidi ni kwamba jenereta hiyo tuliitendea wema. Ulipolalamika kuwa kelele zake zinakukatiza mazungumzo ya simu, nani alijitolea? Ni mimi. Niliishonea koti la turubai, lenye bitana ya sponji, kola, na vifungo vyeupe vya lulu kifuani. Nilipima mwenyewe, likaikaa barabara, pasibaki hata pa kupenyeza kidole. Wewe ulishuka ukalisifu mbele ya watu. Wiki ileile ikaanza kuugua. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

4. Kwa hiyo naomba Daktari akabidhiwe ufagio, ambao hauna skrubu. Jenereta nayo istaafishwe kwa utovu wa fadhila. Na gauni likinishinda, wewe mwenyewe uje harusini, usimame mbele ya wakwe, ueleze kwa nini bibi harusi ana mikono isiyojuana. Ukizomewa nitakuwa nyuma yako, mbali kidogo.

5. Wakwe wakiondoka na kijana wao, bwana harusi mwingine utamtafuta wewe. Awe na kazi, na asiwe fundi wa jenereta.

Tuache utani, Bwana Meneja. Huyu ni binti yangu wa pekee na nimemlea kwa cherehani hii. Nataka apite mbele za watu amevaa kazi ya mama yake, na asionekane hata mmoja wa kumcheka. Nikifikiria vinginevyo, usingizi haunijii.

Nisalimie mkeo, karani wako, na mlinzi wa geti anayesinzia kwa uaminifu.

Ni mimi mpangaji wako niliyevumilia,
Mama Sindano

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, vifungo vya mgongoni mwa gauni vilinipungukia. Nikakumbuka vile vya koti la jenereta, nikaenda kuvikata. Nilipofika cha katikati koti likaachia, mashine ikavuta pumzi, moshi ukakatika, na taa zikatulia. Nikalifumbata tena kwa mikono kuhakikisha; ikakohoa. Nikaliachia; ikapona. Nimeona aibu ambayo siwezi kuieleza.

Basi futa namba zote, ya kwanza mpaka ya tano. Daktari mwache na skrubu zake. Gauni limekwisha, na mikono yote miwili sasa ni ndugu wa tumbo moja. Harusini njoo ule tu. Wakwe wakivisifu vifungo, nakusihi, usiwaambie nani alivivaa kwanza.