Kuhusu Maombi Yaliyoharibu Safari Yetu ya Kwenda Kula

Kensington-Bailey, Buffalo
Jumatano, tarehe 10 Septemba

Kwako Mchungaji Nyarugabo,

Shalom. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na Mama Mchungaji, na kwamba mguu wake unaendelea vizuri. Sisi hatujambo, ila nimekasirika. Kwa kuwa wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mwenye jambo na ndugu yake amwendee kwanza huyo ndugu, nakuandikia wewe kabla sijawaandikia wazee wa kanisa.

Hali yetu unaijua. Mimi nafanya kazi mchana kiwandani Tonawanda, na mke wangu Esperance anatunza wazee usiku. Kwa miaka sita tumekuwa tukikutana kwenye ngazi. Mimi napanda, yeye anashuka, nampa ufunguo wa gari, ananiambia chakula kiko jikoni. Jumapili anawapakulia watu kanisani, halafu yeye anakula amesimama. Sijui tena mke wangu anakulaje.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tulipata likizo pamoja, siku tatu za sikukuu ya wafanyakazi, ile ya huku ya Septemba. Binti yetu Chimène, anayesoma chuo, alituandikia orodha ya vyakula vya Wamarekani, kila mji na chake, akasema ni aibu kuishi katika nchi bila kuionja. Nilikubali upesi. Kusema kweli, chakula chenyewe sikukijali sana. Nilitaka kukaa mezani na mke wangu, sisi wawili, mpaka sahani ziondolewe.

Jumapili kabla ya safari ukasimama ukasoma tangazo kwamba Baba na Mama Chimène wanakwenda Columbus na Louisville, kanisa liwaombee. Mlituombea vizuri, sikatai. Kisha tangazo likaingia kwenye WhatsApp ya kanisa, na kutoka hapo likasambaa kwa makanisa ya ndugu zetu huko tulikokuwa tunakwenda. Madhara yake nayaorodhesha.

1. Tulipanga kuanza na mabawa ya kuku ya hapa Buffalo, yale ya pilipili na siki, yanayojulikana dunia nzima isipokuwa kwetu sisi tunaokaa dakika kumi kutoka yanapokaangwa. Kabla hatujatoka nyumbani, akina mama walifika na sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki, ati ya njiani. Walifika pia na Mama Vestine, ambaye ana dada yake Columbus na alikuwa amesikia kwamba tuna viti vitupu. Mama Vestine alikaa mbele kwa sababu ya kichefuchefu. Esperance alikaa nyuma ameshika sufuria. Nilimwangalia mke wangu kwenye kioo kwa masaa matano.

2. Columbus tulikuwa tumeandikiwa soseji za Kijerumani na keki ya krimu yenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Précieux, mtoto wa kaka yangu anayekaa Westerville, pembeni ya mji, alikuwa ameshachinja mbuzi. Mchungaji, nieleze, mtu aliyekuchinjia mbuzi unamwambiaje kwamba unatoka kidogo kutafuta soseji? Tulikula saa nane, tukala tena saa moja. Wakati wa kulala, wanawake walipewa vyumba na wanaume sebule. Nilimuaga mke wangu kwa kupunga mkono.

3. Mama Vestine hakushuka. Dada yake alikuwa amekwenda Louisville.

4. Louisville nilikuwa na tumaini, kwa maana nilikuwa nimeweka nafasi ya meza ya watu wawili kwa simu. Wana chakula chao pale, mkate uliobanikwa wenye nyama ya bata mzinga, umefunikwa kwa mchuzi mweupe wa jibini, na unaliwa ukiwa wa moto sana. Nilimweleza mwenyeji wetu, Mzee Kwizera, kwa heshima zote, kwamba tungependa kwenda peke yetu. Alinitazama kwa huruma. "Hatuwezi kuacha wageni bakule peke yabo, sawa batu benye habana famille," akasema. Tukaenda watu kumi na wanne. Wahudumu waliunganisha meza nne. Mimi niliwekwa upande wa wazee, na Esperance mwisho kabisa, na watoto. Chakula kilipoletwa kikitoa moshi, Mzee Kwizera aliomba. Aliiombea Kongo, akawaombea wakimbizi walioko makambini, akamwombea yule mhudumu na nyumba yake yote. Tuliposema amina jibini lilikuwa limeganda. Sahani ikawekwa katikati, kama ilivyo desturi, na mimi nikapata ukoko wa mkate.

5. Tulirudi na Mama Vestine, na dada yake.

Kwa hiyo naomba kanisa lichukue hatua zifuatazo. Kwanza, maombi ya safari yawe ya kimya na miji isitajwe, kwa sababu Mungu ana ramani. Pili, ndugu wote wanaoishi kando ya barabara kuu kati ya Buffalo na Louisville wahamie mbali nayo, angalau mwendo wa saa moja. Tatu, sombe isivuke mpaka wa jimbo. Nne, wanandoa wanaofanya kazi kwa zamu wapewe barua yenye muhuri wa kanisa inayothibitisha kwamba hawana ndugu yeyote duniani, siku tatu kila mwaka.

Wasalimie wazee wa kanisa, kwaya yote, na akina mama. Sombe ilikuwa tamu sana, lakini hiyo si hoja.

Ni mimi katika Bwana, mwenye huzuni na njaa,
Zihindula, sauti ya nne ya kwaya

Nyongeza: Mchungaji, kabla sijaifunga barua hii niliiacha mezani, na Esperance akaisoma alipotoka kazini. Hakucheka. Alikaa, akavua viatu, akaniambia hivi: "Bon, Baba Chimène, ile karatasi ya tangazo ni mimi njo nilimupa Pasta. Niliogopa tutabakia wawili na tutakosa ya kusema."

Naondoa malalamiko yote. Hata mimi niliogopa hivyo hivyo tangu tulipopewa likizo. Jumamosi hii sisi wawili hatuendi kazini. Nakuomba ututafutie familia moja, isipungue watu watatu, waje tule nao. Wakiona tumeanza kuongea, waondoke bila kuaga.