Glavu za Triza

Alhamisi, 12 Juni 1997
Mwalimu Kyule ni baba wa aina yake! Kila mchezo wa kuigiza wa "Kipenga" unapoanza kwenye televisheni, mimi huvaa shati safi. Humo yeye ndiye kocha wa timu ya shule, na mwanawe ndiye mshambuliaji. Leo kijana kakosa penalti. Mwalimu akamvua jezi mbele ya wenzake: "Hapa sina mtoto. Nina wachezaji." Nilisimama wima. Kisha picha ikawa ndogo kama kifungo, ikazimika. Betri imeisha chaji tena! Binti yangu Triza akatoka nje kwa haraka, mimi nikabaki gizani nikitafakari. Sikuhitaji zaidi. Somo nimelipata.

Ijumaa, 13 Juni
Triza ni kipa wa shule yao, kidato cha tatu. Juzi alifungwa mawili. Asubuhi nimezifungia glavu zake sandukuni, nikamwambia kwamba hapa sina mtoto, nina wachezaji. Alinitazama kana kwamba sijamaliza kusema. Halafu akaenda shule. Mke wangu Phelister akauliza kama sasa mimi ndiye nitakayedaka. Phelister haelewi ukocha.

Jumapili, 15 Juni
Triza hanisemeshi. Uji ananiletea kwa adabu, kama vile mimi ni mgeni wa kanisa. Dalili nzuri, nidhamu inaingia! Jirani Kiilu, mchonga vinyago wa ploti ya pili, ana umeme na televisheni ya rangi. Baada ya ibada alijisifu kwamba Alhamisi alilia akitazama "Kipenga". Alilia nini, na Mwalimu alikuwa mkali vile? Hiyo rangi imemlainisha.

Jumanne, 17 Juni
Nusu fainali. Sikualikwa. Nilitoroka kazini, kiwanda cha sabuni, nikajibanza nyuma ya choo cha shule. Triza alidaka kwa mikono mitupu! Dakika ya mwisho, penalti. Akaruka, akaupangua mpira. Nilipiga mayowe hadi nikajisahau. Binti yangu huyo! Lakini alipopita karibu niliona vidole vimevimba. Akanisalimia, "Habari ya jioni, mzee," kama anavyomsalimia mlinzi wa lango. Iliniuma sana. Nilirudi nyumbani Kariobangi kwa miguu.

Jumatano, 18 Juni
Nimemeza kiburi, nikamuuliza Kiilu ile Alhamisi iliishaje. Akaeleza kwamba baada ya matangazo Mwalimu alimfuata mwanawe hadi kituo cha basi, akamrudishia jezi, akapiga magoti vumbini kumfungia kamba za viatu. Akakiri kwamba amekosa, kwamba yeye ni baba kwanza. Mtaa mzima uliona. Triza pia, alikuwa ameketi hapo hapo sebuleni kwa Kiilu! Kumbe tangu Ijumaa mtoto alikuwa akiningoja nifike sehemu ya pili. Nimeona aibu, aibu kubwa.

Alhamisi, 19 Juni
Nimefungua sanduku. Nilikuwa na hotuba ndefu kuliko zote za Mwalimu Kyule. Yote ikanipotea. Nikasema tu, "Triza, nimekosa." Akapokea glavu, akazigeuzageuza. Halafu akanyoosha mguu.

"Baba, viatu bado."

Nikapiga magoti sakafuni na shati langu safi. Nikafunga mafundo mawili kila kiatu. Alicheka, nami nikafuta macho. Bahati nzuri Phelister alikuwa akikata vitunguu. Triza akasema fainali ni Jumamosi saa nane, na nisimame mahali atakaponiona.

Jumamosi, 21 Juni
Tumechukua kombe! Triza alidaka kila kitu, hata mpira uliokuwa ukitoka nje. Mtoto hodari namna hii, na nimemzaa mimi! Mchezo ulipoisha alinikimbilia kabla hata ya kuligusa kombe. Tukatembea hadi nyumbani tumeshikana mikono, Kiilu akiangalia. Sijawahi kuwa na wiki tamu hivi. Nimefikiri sana, na siri ya ubaba nimeigundua: ni kukosa kwanza, kisha kuomba msamaha. Nilipokuwa sijamkosea, tulishikana mikono lini? Jumatatu ana mtihani wa hesabu. Daftari lake nimeshalificha chini ya godoro. Kesho jioni nitapiga magoti.